Kilo, Mita na Miguu Mirefu

Tuanze na hesabu, maana mjadala wote umo ndani yake. Mchungaji wa Sangailu, kusini mwa kaunti ya Garissa, ana urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 55. Zidisha 1.75 kwa 1.75 upate 3.06, gawanya kilo 55 kwa 3.06, na jibu ni takribani 18. Hiyo ndiyo BMI yake. Jedwali la Shirika la Afya Duniani linasema aliye chini ya 18.5 amekonda mno, aliye kati ya 18.5 na 25 yuko sawa, aliyefika 25 uzito umemzidi, na aliyefika 30 ana unene wa kupindukia. Kwa jedwali hilo mchungaji wetu ni mgonjwa wa lishe. Huenda anatembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe, hana homa wala kikohozi, anakunywa maziwa asubuhi na jioni, na mwaka jana alikuwa na kilo hizo hizo 55. Jedwali halimuulizi lolote kati ya hayo. Ninachodai katika sura hii ni kwamba kipimo hiki, kikitumiwa kwa watu wenye umbo la wafugaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, wengi wao Wasomali, hukosea kwa namna inayotabirika, na kwamba kosa hilo lina makali pande zote mbili: huwafanya wembamba waonekane wana njaa kuliko walivyo, na huwafanya wenye mafuta tumboni waonekane wazima kuliko walivyo.

Asili ya kipimo yenyewe inaeleza mengi. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanafalaki kabla ya kuwa mwanatakwimu, alitafuta katika miaka ya 1830 sura ya mtu wa wastani, kama vile wanafalaki wanavyotafuta wastani wa vipimo vya nyota. Aliona kwamba kwa watu wazima uzito hupanda takribani sawa na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa akitafuta ugonjwa, wala hakudai kwamba mtu mmoja anaweza kupimwa afya yake kwa kanuni hiyo. Ilipita zaidi ya karne moja kabla Ancel Keys, Mmarekani, na wenzake kuifufua mwaka 1972 na kuipa jina tunalolitumia leo. Walilinganisha vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wote wanaume, na wakaona kwamba BMI inakwenda pamoja na unene wa mafuta chini ya ngozi angalau sawa na kanuni nyingine zilizokuwapo. Sifa yenyewe ilikuwa ya unyenyekevu: haikuwa nzuri sana, ila nyingine hazikuwa bora kuliko hiyo.

Mipaka ya jedwali ilikuja baadaye, na kwa makubaliano ya mezani. Mwaka 1988 wataalamu James, Ferro-Luzzi na Waterlow walipendekeza ngazi za 18.5, 17 na 16 za kutambulia upungufu wa nguvu za chakula kwa watu wazima. Mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani likachapisha ngazi hizo pamoja na zile za unene. Kule Marekani mpaka wa uzito uliozidi ulikuwa 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake hadi mwaka 1998, uliposhushwa hadi 25 kwa wote. Watu wapatao milioni 29 walilala wakiwa na uzito wa kawaida wakaamka umewazidi, pasipo hata mmoja wao kuongeza gramu. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mpaka wowote lazima uwekwe mahali fulani. Lakini mpaka uliowekwa na watu unaweza kuulizwa uliwekwa kwa kutazama miili ya nani.

Hapa ndipo miguu inapoingia. Kanuni ya Quetelet humchukulia kila mtu kana kwamba urefu wake umegawanyika kati ya kiwiliwili na miguu kwa namna moja. Sivyo ilivyo. Mketishe mtu kwenye benchi, pima kutoka kiti hadi utosini, kisha gawanya kwa urefu wake akiwa amesimama: kwa Wazungu jibu huwa karibu 0.52, na kwa jamii nyingi za wafugaji wa nchi kavu zenye joto huwa chini ya hapo. Kiwiliwili ndicho kizito, kimebeba ini, matumbo, moyo na mapafu. Mguu ni mfupa na msuli mwembamba. Sentimita moja ya kiwiliwili ina uzito kupita sentimita moja ya mguu, kwa hiyo watu wawili walio warefu sawa na wenye kiasi sawa cha mafuta na misuli wanaweza kutofautiana sana kwenye mizani. D. F. Roberts alionyesha mwaka 1953 kwamba uzito wa watu hupungua kadiri joto la nchi yao linavyopanda, na sababu haina fumbo: mwili mwembamba wenye viungo virefu hupoteza joto haraka, na katika nchi ya Ijara, iliko Sangailu, hilo ni jambo la uhai.

Nicholas Norgan, aliyekusanya vipimo vya jamii nyingi duniani, alikadiria mwaka 1994 kwamba uwiano huo wa kukaa na kusimama ukishuka kwa 0.01, BMI hushuka kwa takribani 0.9 bila mwili kupungukiwa na chochote. Mrudie mchungaji wetu wa sentimita 175. Uwiano wake ukiwa 0.50, akikaa ana sentimita 87.5, angekuwa na umbo la 0.52 angekaa sentimita 91. Tofauti ni sentimita tatu na nusu za mguu, upana wa vidole viwili. Hizo tu zinatosha kuishusha BMI yake kwa karibu 1.8. Zirudishe, naye anatoka 18 anafika karibu 19.8, anaingia upande wa walio sawa akiwa na nafasi ya kutosha. Kwa watoto hali ni hiyo hiyo. Mark Myatt na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009 uliotumia vipimo vya watoto wa Ethiopia, waligundua kwamba kipimo cha uzito kwa urefu kiliwahesabu watoto wa kifugaji, wenye miguu mirefu, kuwa na utapiamlo kwa wingi kuliko walivyoonekana kwa utepe wa kupima mkono wa juu.

Sasa geuza upande wa pili, ambao hauzungumzwi sana. Mama wa mjini Garissa ana sentimita 165 na kilo 66. BMI yake ni 24.2, na jedwali linampa heko. Akiwa na miguu mirefu ile ile, mwili wake ni sawa na wa mtu mwenye 26. Lililo muhimu zaidi ni pale mafuta yalipokaa: mzunguko wa kiuno chake ukiwa sentimita 90, mafuta hayo yamezunguka ini na matumbo, mahali ambapo huleta kisukari na presha. Maisha yake si ya bibi yake. Maji yanaletwa mlangoni na mkokoteni wa punda, na chakula cha kutwa ni chai yenye sukari tele, anjera, wali, pasta na mafuta ya kupikia. Maziwa na nyirinyiri, yaani nyama iliyokaushwa, vilivyokuwa msingi wa chakula cha malishoni, mjini vina bei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Amanda Lea na wenzake juu ya Waturkana, wafugaji wa upande wa pili wa Kenya, uliwapima watu zaidi ya 1,200 na kukuta kwamba waliobaki malishoni walikuwa na moyo na damu katika hali nzuri, huku waliohamia mijini presha, sukari na unene vikiwa vimepanda. Tafiti za Norway na Finland zimekuta jambo la jamaa hiyo kwa wanawake wa Kisomali waliohamia huko: unene ni mwingi kwao kuliko kwa wanawake wenyeji. Anayedhani kwamba watu wembamba kwa asili wako salama na magonjwa ya shibe amelala usingizi wa hatari.

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe kwa heshima, kwa sababu lina historia nyuma yake. Mkishaanza kusema kwamba wafugaji ni wembamba kwa maumbile, mtawapa watawala kisingizio. Mwaka wa ukame, ripoti itakapoonyesha watu wamekonda, afisa wa Nairobi atasema ndivyo walivyo, na malori ya chakula yatabaki Mombasa. Hofu hii si ya kubuni. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako ardhi ingerudisha faida haraka, na Kaskazini Mashariki haikuwamo. Hali ya hatari iliyotangazwa eneo hilo mwaka 1963 haikuondolewa hadi 1991. Watu walioishi chini ya sera hizo wana haki ya kuitilia shaka kila hoja inayoanza na neno maumbile.

Hata hivyo, pingamizi hilo linachukulia kwamba BMI ndiyo ngao ya mwenye njaa, na ukweli ni kwamba BMI ni ngao mbovu. Iangalie njaa yenyewe. Baidoa, Somalia, wakati wa baa la 1992 na 1993, daktari Steve Collins aliwapokea watu wazima ambao vitabu vilisema hawawezi kuwa hai. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba chini ya BMI ya 12 maisha hayawezekani. Yeye alikuwa na wagonjwa waliokuwa chini ya 10, na baadhi yao walipona. Aliona pia kwamba wenye miguu iliyovimba maji walikuwa hatarini zaidi, ingawa maji hayo hayo yaliongeza kilo zao na kuipandisha BMI. Ancel Keys mwenyewe alikuwa ameyaona hayo katika jaribio lake la Minnesota la 1944 na 1945, alipowapunguzia chakula vijana 36 wa kujitolea: mwili ulikwisha ndani huku maji yakiificha hasara kwenye mizani. Kwa hiyo katika njaa kali kabisa, pale ambapo tungetaka kipimo kiseme kweli, BMI inaweza kumweka mgonjwa anayevimba juu ya jirani yake mwenye nafuu. Na kwa kuwa inawahesabu wengi wazima kuwa wagonjwa, chakula cha dawa kilicho haba kinaweza kumfikia mwenye miguu mirefu kabla ya mwenye uvimbe.

Kinachomlinda mwenye njaa ni mkono wa juu. Utepe wa kuupima, uitwao MUAC, huzungushwa katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano, na juu yake ni kijani. Urefu wa mguu hauingii kokote. Mkono pia hauvimbi upesi kama mguu, na mzunguko wake hutabiri kifo cha mtoto vizuri kuliko uzito kwa urefu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutumia utepe huo katika taarifa zake za kila mwezi za kaunti, Garissa ikiwemo. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini, taarifa hizo ndizo zilizoonyesha hali inavyoharibika mwezi kwa mwezi. Mabadiliko ndiyo hoja yenye nguvu. Mchungaji wa kilo 55 aliyekuwa na 55 mwaka jana hana dharura. Aliyekuwa na 63 anayo, hata kama BMI yake ya mwaka jana isingemwingiza kwenye orodha yoyote. Afisa anayetaka kusema ndivyo walivyo hawezi kuujibu mchoro wa mikono inayonywea kuanzia Januari hadi Juni.

Wafugaji wenyewe hawajawahi kupima afya ya ng'ombe kwa kugawanya uzito kwa urefu. Katika taarifa hizo hizo za ukame kuna sehemu ya hali ya mwili wa mifugo, na hali hiyo husomwa kwa macho na kiganja: nundu imejaa au imelala, mbavu zinahesabika au la, mfupa wa nyonga umechomoza kiasi gani. Mfugaji wa Ijara anajua kwamba ng'ombe mwenye miguu mirefu na mwenye miguu mifupi hawalinganishwi kwa kilo. Anatazama pale mafuta yanapokaa na pale yanapotoka kwanza.

Pingamizi la pili ni la wanatakwimu, nalo lina uzito wake. BMI, wanasema, imethibitishwa na watu wengi mno. Mkusanyo wa tafiti uliotangazwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet ulijumlisha watu wazima karibu 900,000 na kuonyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kati ya 22.5 na 25, na kwamba kila pointi tano juu ya hapo ziliongeza vifo kwa karibu asilimia 30. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Lakini wengi wa watu hao walikuwa wa Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini, ambao maumbo yao yanakaribiana, na kinachowahusu wote kwa wastani hakimhusu kila mmoja. Serikali inayotaka kujua kama taifa linanenepa inaweza kutumia BMI bila kupotea sana: uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2015 juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake na 17.5 ya wanaume wamezidi uzito au ni wanene, na ujumbe huo ni wa kweli hata pointi moja ikipotea huku au kule. Tabu huanza nambari ya taifa inapogeuzwa kuwa hukumu ya mtu aliyekaa mbele ya muuguzi. Tume ya wataalamu iliyotoa ripoti yake katika jarida la Lancet la kisukari mnamo Januari 2025 ilisema karibu hivyo hivyo: BMI isitoshe peke yake kumwita mtu mgonjwa wa unene, lazima ithibitishwe kwa kiuno au kwa kupima mafuta moja kwa moja.

Hata kwa umati, hesabu ya BMI ya Kaskazini Mashariki ina kasoro yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii huwaondoa wajawazito na waliojifungua karibuni katika hesabu ya BMI, na ni sawa, kwa kuwa uzito wa mimba si wa mama. Lakini uchunguzi wa 2022 ulikuta kiwango cha uzazi katika kaunti ya Mandera, huko huko, ni watoto 7.7 kwa kila mwanamke, dhidi ya 3.4 kitaifa. Panapozaliwa watoto kwa wingi hivyo, wanaobaki kwenye hesabu ni wale ambao mwili wao wakati huo haujabeba mzigo mkubwa kuliko wote.

Basi kwa nini tusiweke mipaka ya Wasomali, kama ilivyopendekezwa mwaka 2004 kwa Waasia kwamba tahadhari ianzie 23 badala ya 25? Pendekezo linavutia kwa urahisi wake, nami nalikataa. Wadi ya Sangailu inapakana na nchi ya msitu wa Boni, na upande huo wako Waaweer, watu wa kuwinda na kurina asali. Kando ya mto Tana wako Wapokomo, wakulima na wavuvi. Muuguzi angelazimika kumuuliza mtu kabila kabla ya kumpima, na angekosea kwa kila mtoto wa ndoa za mchanganyiko. Ndani ya ukoo mmoja mna wenye miguu mirefu na wenye mifupi. Kama umbo ndilo linalovuruga hesabu, lipimwe umbo lenyewe. Benchi la mbao, ukuta na rula vinatosha kupata urefu wa kukaa, na hesabu ya Norgan si ngumu kuliko ya BMI.

Linabaki pingamizi la mwisho, la gharama na adabu. BMI ni rahisi, watasema, na kiuno kinahitaji kumgusa mtu. Urahisi huo umetiwa chumvi. Mizani ya kidijitali inataka betri na sakafu iliyo sawa, ubao wa urefu unataka gari la kuubeba, na mwanamke aliyevaa dera na jilbabu hawezi kuvuliwa mbele ya watu ili kilo zitoke sahihi. Vazi linapimwa pamoja naye. Kiuno kinaweza kupimwa na mhudumu wa kike nyuma ya pazia, juu ya kitambaa chepesi. Ugumu wa kweli uko katika mpaka. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliwawekea Waafrika, kwa kukosa takwimu zao, mipaka ya Ulaya: sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya takwimu za kusini mwa Sahara ulikuta hatari ya wanaume ikianza karibu sentimita 81, takribani sawa na ya wanawake. Mwanamume wa Garissa mwenye kiuno cha 88 yuko salama kwa mpaka wa kwanza na amechelewa kwa wa pili.

Kwa wadi ambayo zahanati zake ziko mbali, ningeanza na kamba. Ikate sawa na urefu wa mtu, ikunje katikati iwe nusu, izungushe kiunoni. Isipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi. Kanuni hiyo ya nusu ya urefu ndiyo iliyoingizwa katika miongozo ya Uingereza mwaka 2022, nayo haimuulizi mtu kabila wala haijali sana urefu wa miguu yake. Mama wa sentimita 165 anapaswa kuwa chini ya 82.5, na yule wa mjini mwenye 90 hupelekwa kupimwa sukari na presha siku hiyo hiyo, BMI yake ya 24.2 iseme inavyotaka. Kamba haimfai mjamzito, wala haimtambui mwenye njaa. Kwa hao muuguzi anarudi kwenye utepe wa mkono, na anabonyeza kwa kidole gumba mgongoni mwa kila wayo, akihesabu hadi tatu, kuona kama shimo linabaki.